Mwanamke Aliyenusa Mahindi

Wakulima wa Kanzenze walimwogopa Murekatete kuliko walivyoiogopa mvua. Mvua walau humnyeshea kila mtu. Murekatete alikaa kwenye kigoda chake mlangoni mwa depo, ghala la mahindi la Siméon, hatua chache kutoka Petite Barrière, kivuko kidogo cha mpakani, miguu ameinyoosha, kitambaa cha kichwa kimembana paji la uso, na mtu aliyeshusha gunia mbele yake alijua kwamba maneno matamu yote aliyoyaandaa njiani yamekwisha kazi.

Yeye mwenyewe hakuwa na maneno mengi. Gunia likifunguliwa, alizamisha mkono mpaka karibu na bega kama mtu anayemzalisha ng'ombe, akatoa mahindi ya chini kabisa, kwa kuwa kila mkulima huweka mazuri juu. Aliyapumulia kwa mdomo yapate joto. Kisha akakusanya viganja viwili vilivyojaa, akazika uso mle ndani, akafumba macho na kuvuta. Namaanisha kuvuta hasa, mpaka mabega yakapanda. Alipoinua uso alisema moja kati ya mawili: "Ya batu," au "Ya nguruwe." Basi. Gunia la watu lilikwenda kushoto, la nguruwe kulia, na mwenye gunia akabaki kukuna kichwa.

"Mama Teta, hii nilianika wiki mbili nzima," mzee mmoja alimlilia Februari ile.

"Ulianika ya juu. Ya chini ililala na maji ya mvua ya Noeli."

"Ulikuwako?"

"Mi sikukuwako. Pua yangu ilikuwako."

Watu walicheka, mzee naye akacheka kwa uchungu, akalikokota gunia lake kulia. Kwenye droo ya meza ya Siméon kulikuwa na kimashine cha kupima unyevu, zawadi ya mradi fulani, kingali kwenye mfuko wake wa plastiki. Siméon alikuwa amekijaribu siku mbili akakifungia. Kimashine kilijua maji tu. Mahindi yaliyoota ukungu mwezi uliopita kisha yakakaushwa juani kwa haraka, kimashine kiliyasifu, Murekatete akayatupa. Ungekuwa wewe ndiye Siméon, ungemwamini nani?

Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na tisa. Alizaliwa Goma, mama yake mtu wa kule na baba yake mtu wa Nyundo, akaolewa upande huu wa mpaka na mvuvi aliyechukuliwa na ziwa wakati binti yao, Teta, akiwa bado anatambaa. Aliingia depo na mtoto mgongoni, akapewa ungo kama wanawake wengine, na haukupita msimu kabla Siméon hajagundua kwamba mwanamke huyu anajua gunia baya hata kabla halijafunguliwa. Tangu hapo akawa mtu. Wachuuzi wa Goma walivuka mpaka wakiuliza kwanza kama mama wa pua yuko kazini leo. Alilipenda hilo, na mimi simlaumu. Si kila mjane wa mvuvi anayeulizwa kama yuko.

Ila kazi haikuishia mlangoni. Nyuma ya depo kulikuwa na chumba kirefu chenye dirisha moja dogo, na humo ndimo yalimopelekwa, kutoka magunia ya kushoto, mahindi ya katikati, yale ambayo si mabaya ya kutupa wala si mazuri ya kuonyesha. Wanawake waliyachekecha, wakayapepeta, wakaokota punje nyeusi moja moja, huku mlango umefungwa. Siméon alitaka ufungwe, maana mnunuzi akiona vumbi la kijani likipaa atauliza maswali. Walijifunga vitenge puani. Murekatete hakujifunga. Ilimbidi apite kati yao akinusa kila ungo, na pua iliyofungwa haisemi kitu.

Jioni walitoka humo weupe kama waokaji mikate, isipokuwa weupe ule ulikuwa na kijani kwa ndani. Na hapo mlangoni Siméon alikuwa akiwasubiri na ndoo ya kivuguto, maziwa ya mgando, kikombe kimoja kwa kila aliyeshinda chumba cha nyuma. Maziwa hushusha vumbi. Maziwa huua sumu. Hili kila mtu analijua, tangu Nyundo hadi ng'ambo ya mpaka. Bibi zao walijua, na mwenye mashaka angeonekana mshamba. Basi badala ya kukikimbia chumba kile, wanawake walikigombania. Wapo waliotoa sababu za uongo waondolewe kwenye kazi ya uani, penye hewa safi, kwa sababu uani hapakuwa na kikombe. Murekatete alipewa vikombe viwili, kwa heshima yake. Kimoja alikinywa pale pale, kingine alikitia kwenye kidumu akampelekea Teta.

Kikohozi kilikuja taratibu, kama mgeni anayejua hatafukuzwa. Mwaka wa kwanza alikiita homa ya baridi. Mwaka wa pili aliongeza kikombe. Alipotema damu kwenye ukingo wa kitenge, aliufua ukingo ule kabla Teta hajaamka, na alipoona macho yake yamekuwa manjano kwenye kioo cha jirani, ndipo akaenda kituo cha afya.

Muuguzi aliyempokea aliitwa Kadiri, kijana aliyekulia na kusomea Tanzania kabla wazazi wake hawajarudi huku. Alimtuma hospitali kupiga picha ya kifua, akampima damu, na wiki iliyofuata akamketisha chini, akafunga mlango. Murekatete hakuipenda ile habari ya kufunga mlango.

"Mama, nieleze tena. Kazi yako ni ipi?"

"Ninanusa mahindi. Yenye iko na uruhumbu, mi ninaijua."

Kadiri aliweka kalamu mezani. Akaongea polepole kwa Kiswahili chake kilichonyooka.

"Ule ukungu una sumu. Kule nilikosoma tunaiita sumukuvu. Watu wanaiogopa kwenye chakula, na wana haki, maana inaharibu ini. Lakini mkichekecha na kupepeta ndani, vumbi hubeba kuvu pamoja na sumu yake. Mtu akilivuta siku moja, huenda asidhurike. Wewe umelivuta miaka kumi na tisa, kwa makusudi, kwa nguvu zako zote. Kwenye pafu lako la kulia kuna shimo, na kuvu imeota ndani yake. Ini nalo limevimba."

"Lakini mi ninakunywaka maziwa. Kila siku."

"Maziwa yanakwenda tumboni, mama. Vumbi lilikwenda kifuani. Hayakutani."

Alilisema kwa upole, na upole ule ulimuumiza Murekatete kuliko kama angemfokea. Miaka kumi na tisa ya vikombe! Alijiona mjinga, akaona aibu, kisha akaona hasira ambayo hakujua aielekeze kwa nani, kwa maana hakuna aliyemdanganya. Siméon mwenyewe aliyanywa.

"Kilichoharibika sikirudishi," Kadiri alisema. "Dawa zitakuongezea muda kidogo. Ila acha kazi hiyo. Na una mtoto?"

"Niko na binti. Teta."

"Asikanyage kule."

Kuanzia siku ile maisha ya Murekatete yalibaki na jambo moja tu. Kufa alikubali upesi, kuliko hata yeye alivyotarajia. Lakini Teta asiingie chumba kile. Alilirudia moyoni njia nzima, akipumzika kila baada ya nyumba tatu.

Siméon hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalokera. Alipopata habari alileta blanketi na kilo mbili za sukari, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akasikitika kwa kweli.

"Bon, pumzika, mama. Ukipata nguvu unakuya kunionyesha tu, kidogo-kidogo. Donc, Teta njo atakamata nafasi yako."

"Teta hajui."

"Mama Teta, wee! Huyu mutoto alikataa uji ya jirani akiwa na miaka saba, ukasema unga imeoza, na kweli ilikuwa imeoza. Wewe mwenyewe ulinihadisia."

Ni kweli alimhadithia. Alikuwa amemhadithia kila mtu.

Na Teta mwenyewe alitaka. Alikuwa na miaka ishirini, amemaliza shule Nyundo na cheti chake kimefungwa kwenye nailoni, na kila asubuhi alivuka mpaka na beseni la nyanya kichwani, akisukumwa huku, akifokewa kule. Mara mbili alirudi bila nyanya na bila beseni. Kwake depo ilikuwa kuketi kwenye kigoda, na watu wazima wakimwita mama.

"Daktari anasema ile vumbi ni sumu," Murekatete alimwambia.

"Daktari anaambiaka kila mutu aache kazi. Kisha tukule nini? We ulinibeba mule ndani na mugongo, na mi niko hapa. Nitafunga kitenge."

"Ukifunga hautasikia harufu."

"Nitakuwa nafungua kidogo."

Mama akamtazama. Alijua vile kidogo inavyokua. Alijaribu kulia, akajaribu kuapiza, akajaribu hata kumwita padri aongee naye, na Teta akasikiliza yote kwa adabu, kisha akasema Jumatatu anakwenda.

Jumatatu Siméon alipanga sahani tano juu ya meza uani, kila moja na mahindi ya gunia lake. Wanawake wote walitoka kushuhudia. Murekatete aliletwa kwa pikipiki, akaketishwa kwenye kigoda chake, maana neno la mwisho lilikuwa lake. Teta atanusa, mama atanusa baada yake na kuhukumu.

Teta alifanya kama alivyoona mama yake akifanya tangu utoto. Alipumulia, akazika uso, mabega yakapanda. "Ya batu," alisema sahani ya kwanza. Ya pili, ya batu. Ya tatu, ya nguruwe. Ya nne, ya batu. Ya tano ilikuwa na mahindi ya manjano yanayong'aa, ambayo mtu yeyote angeyanunua. Teta aliyavuta mara mbili. "Ya nguruwe," alisema.

Murekatete alinusa moja baada ya nyingine, akikohoa katikati. Alipofika ya tano, ule ukungu ulikuwa umejificha mbali sana nyuma ya harufu ya jua, mdogo, umekauka. Hakuna mwingine mjini ambaye angeusikia. Binti yake aliusikia. Furaha ilimpanda Murekatete mpaka kooni, kwa pumzi moja tu, akatamani asimame ampige Teta busu mbele ya umati.

"Ya tano ni ya batu," alisema. "Na ya kwanza ni ya nguruwe."

Wanawake waligeuka kumtazama Teta.

"Mama," Teta alisema, "nusa tena."

"Nimenusa."

"Mama, tafazali. Nusa tena."

"Hauna pua, mutoto wangu. Usipotezee batu wakati."

Mwanamke mmoja alicheka kwa nyuma, wa pili akamfuata. Siméon alikuna shingo. "Makosa mbili juu ya tano," alisema, "hii haiwezekani, sha." Teta aliweka sahani mezani taratibu, akafuta mikono kwenye sketi yake, akatoka kupitia lango kubwa bila kumuaga mtu.

Miaka kumi na tisa pua ile haikuwahi kusema uongo, kwa hiyo hakuna aliyeihoji. Gunia la kwanza, zuri, likaenda kulia, na nguruwe wa mtu fulani wakala vizuri juma lile. Gunia la tano likaenda kushoto. Kabla ya saa sita lilikuwa limeshapakiwa kwenye chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, likavuka kwenda Goma kusagwa unga. Murekatete alilitazama likitoka. Angeweza kuita. Aliweka mkono mdomoni akajifanya anakohoa, kisha akakohoa kweli, mpaka wakampepea.

Nyumbani Teta alikuwa akifunga nguo zake.

"Kama ni juu ya vumbi, sema ni juu ya vumbi," alisema. "Lakini kunifanya mujinga mbele ya batu yote? Mi nilisikia ile harufu, mama. Nilisikia."

Hapo ndipo Murekatete alipotaka kusema. Lakini alimjua binti yake: angeondoka na ukweli huo moja kwa moja hadi kwa Siméon.

"Ulisikia vibaya," alijibu.

"Unaogopa nitakupita. Njo hiyo."

Jioni ile Teta alivuka kwenda kwa shangazi yake, mtaa wa Birere kule Goma, na hakupiga simu. Murekatete alikaa mlangoni akijiambia kwamba amefanya alilotaka kufanya, na kwamba sasa mtoto wake anavuta hewa ya barabarani kama watu wengine. Alijiambia hivyo mara nyingi. Ukweli ni kwamba aliumia vibaya sana, na hapakuwa na mtu wa kumweleza.

Wiki mbili baadaye Siméon alirudi. Wachuuzi walikuwa wameanza kulalamika kwamba kigoda hakina mtu.

"Nimefikiri," alisema. "Pua inafundishwaka. Teta ni mutoto wa damu yako, haiwezi kukosa kabisa. Nitamufuata Goma, nimuweke na mimi mwenyewe, miezi mbili tu mule ndani, atajua."

"Kabatesi," Murekatete alisema.

Jina lilimtoka kabla hajaliwaza. Kabatesi alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, mpepetaji wa chumba cha nyuma, mwenye kucheka ovyo na kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya. Alikuwa hajafunga mwaka pale. Msimu ukiisha alikuwa na mpango wa kwenda kujifunza ushonaji.

"Kabatesi iko na pua?"

"Iko nayo. Nilimuona. Mi nitamufundisha."

Siméon alifurahi. Aliondoka bila kumtaja Teta tena.

Basi akamfundisha. Kila asubuhi pikipiki ilimleta, akaketi nyuma ya kigoda, Kabatesi akiwa juu ya kigoda. Mwanzoni Murekatete alidhani angemfundisha nusu nusu. "Usivute sana," alimwambia siku ya kwanza. Lakini asiyevuta sana hasikii, na Kabatesi alikosea magunia manne, na Siméon akauliza kwa sauti kama si afadhali tu amfuate Teta. Siku ya pili Murekatete alisema, "Vuta. Shusha mabega kwanza. Funga mudomo. Sasa vuta mpaka chini, uhesabu tatu, usiachilie."

Kabatesi alivuta, akahesabu tatu.

Alikuwa mwanafunzi mzuri, na Murekatete alikuwa mwalimu mzuri, Mungu amsamehe. Hakuweza kufundisha vibaya kitu alichokijua vizuri hivyo. Alimfundisha harufu ya gunia lililolala sakafuni, na ya punje zilizoota ndani ya gunzi kabla ya kuvunwa. Siku ambazo koo lilimwasha binti yule, Murekatete aligeuza uso akatazama barabara. Mara moja alifungua kinywa amwambie yale ya Kadiri, yote, na shimo na kuvu. Kabatesi akamgeukia na macho yake yale ya kucheka, akasubiri. "Kitambaa yako imelegea," Murekatete alimwambia, akamfungia vizuri kichwani.

Mwezi wa tano wachuuzi walianza kuuliza kama Kabatesi yuko kazini.

Jumapili moja baada ya misa, mama yake Kabatesi alikuja. Mukandori aliuza sambaza, vidagaa vya ziwani, ufukweni, mwanamke mfupi wa mikono iliyopasuka kwa maji na chumvi. Alimkuta Murekatete kitandani, akakataa kiti, akakaa chini kwenye mkeka. Alikuwa amebeba sahani iliyofunikwa, na alipoifunua sambaza walikuwa wamekaangwa vizuri, wa moto bado, wamepangwa vichwa upande mmoja kama mtu anavyompangia mkwe.

"Nilikuya kukushukuru," alisema. "Mutoto wangu alikuwa mutu wa ungo tu. Leo banamuita mama. Ushonaji ameacha, anasema haina maana tena." Aliifuta pua kwa mgongo wa mkono, machozi yakimlengalenga. "Hakuna mutu alinifanyia hivi. Ulimupenda kama vile wako."

Murekatete alipokea sahani kwa mikono miwili, inavyotakiwa. Ilimlemea, akaishusha juu ya blanketi.

"Kula kidogo, mama. Nikuone ukikula."

Akala samaki mmoja. Mukandori alimwangalia kwa upendo mtupu, kisha akainamisha kichwa akauliza polepole, kama mtu anayegusa kidonda cha mwenzake.

"Na Teta? Banasema alijaribu hii kazi, akashindwa. Ni kweli?"

"Ni kweli," Murekatete alisema. "Hana pua."

"Pole, mama," Mukandori alisema, akamshika mkono. "Pole sana. Yako alikosa bahati, yangu akaipata. Nitakuwa nakuombea."